Ugonjwa wa Sare ya Nyumbani

Jumamosi, 8 Februari

Sare! Moja kwa moja! Nyumbani! Na timu ya mkiani mwa ligi, iliyokuja jana kwa basi na kulala kwenye madarasa ya shule!

Reli yetu ya Gerezani ilifunga dakika ya nane, kisha ikakaa kulinda goli hilo kama bibi mwenye kuku mmoja. Dakika ya tisini beki wetu akamrudishia kipa mpira. Kipa ameinama, anafunga kamba ya kiatu! Mpira ukampita polepole, bila haraka yoyote, ukaingia. Wapinzani wenyewe walichelewa kushangilia. Hawakuamini.

Jukwaani kila mtu na lake. Mmoja alitaka kocha afukuzwe kabla hajafika kwenye gari. Mwingine alisema jezi mpya zina gundu. Mama mmoja nyuma yangu aliweka tarumbeta chini akalia kabisa, mumewe akawa anampepea kwa kofia. Mimi sikulia. Nilikuwa na tatizo kubwa zaidi.

Tatizo ni mdomo wangu. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa la Devendra, Kariakoo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Devendra ni mtani wangu. Yeye ni Bonde, ile timu ya bluu ya Jangwani, Bonde wa kuzaliwa. Juzi, mbele ya kijiwe chote cha kahawa, nilitamba kwamba tukishindwa kuifunga timu ya mkiani nitavaa jezi ya Bonde na kushona nayo barazani wiki nzima. Mzee Hafidhi, muuza kahawa, akawa shahidi. Devendra hakubishana. Aliitoa jezi ya bluu siku hiyohiyo, akaining'iniza dukani katikati ya vitenge, ikae inanisubiri.

Ameshanitumia ujumbe wa sauti. Sijaufungua. Kicheko chake nakisikia hivihivi.

Lakini akili ni nywele! Nimepata. Presha! Mgonjwa wa presha havalishwi jezi ya watani. Nimemwambia mke wangu, Mwanne, kwamba Devendra akipiga simu aseme nimeanguka baada ya mpira, presha imepanda, daktari amekataza mizaha. Mwanne amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu yangu inaishia hapahapa Magomeni, inatosha.

Jumapili, 9 Februari

Devendra amepiga asubuhi. Mwanne amesema niliyomfundisha. Kisha Devendra akauliza swali moja tu: Fundi alianguka kabla ya kusikiliza ule ujumbe wake au baada? Mwanne hajui kudanganya kwa mpango, akajibu baada. Safi sana!

Mchana nimejilaza nikisikiliza redio kwa sauti ndogo. Mashabiki wanapiga simu mfululizo. Mmoja wa Temeke anataka kipa anunuliwe viatu visivyo na kamba.

Saa kumi hodi! Devendra mwenyewe! Na mkewe Jashoda, na sufuria, na mashine mpya ya kupimia presha bado iko kwenye boksi lake! Niliruka kitandani na viatu vyangu, nikajifunika mpaka kidevuni. Devendra akanifunga mashine mkononi. Nilijua nimekwisha, maana mimi mzima kama kengele. Nikafumba macho, nikaifikiria dakika ya tisini. Kipa anainama. Mpira unapita. Mashine ikalia, namba zikapanda!

Nilitaka kushangilia. Kisha nikamwona Devendra. Uso umemshuka. Alinishika mguu juu ya shuka, hakusema neno hata moja la mpira.

Jashoda ndiye aliyetoa amri. Chumvi marufuku. Kahawa marufuku. Vya kukaanga marufuku. Asubuhi na jioni ninywe maji ya uwatu. Kwenye sufuria mna kichri, wali na choroko vilivyopikwa mpaka vikalegea, bila chumvi. Mwanne ameahidi kusimamia yote. Ameahidi akinitazama mimi, akitabasamu.

Usiku huu amejipikia pilau.

Jumatatu, 10 Februari

Kichri. Uwatu. Kichri.

Simu iko kimya. Si kawaida. Reli ikiteleza, simu yangu huwaka siku tatu. Nimemtumia salamu Mzee Hafidhi, kumpima. Amejibu pole sana Fundi, tungekuwa tumeshakuchana, lakini Devendra amepita kila kibaraza kukataza, anasema atakayekutania atagombana naye yeye.

Mtaa mzima umefungwa mdomo! Ushindi mkubwa kuliko wowote wa Reli msimu huu. Sijui kwa nini sina raha.

Jumanne, 11 Februari

Nimerudi kazini. Mwendo wa pole, mkono kifuani. Devendra alikuwa ameshatoa nje kiti chake mwenyewe, kile chenye mgongo, na feni ya dukani ameielekeza kwangu. Jezi ya bluu haipo tena. Mzee Hafidhi amenimiminia maji ya moto matupu kwenye kikombe cha kahawa. Mchukuzi mmoja, Bonde wa kutupwa, alisimama na robota lake kichwani, akafungua mdomo. Devendra akamkata jicho. Mchukuzi akasema pole mzee wangu, akapita. Mzee! Nina miaka hamsini na mmoja!

Kufika saa nne siwezi tena. Nikaanza mwenyewe. Nikasema kipa wetu bure kabisa. Devendra akajibu kwamba kipa naye binadamu, ana mama yake, anaumia.

Nilisimamisha cherehani. Miaka ishirini na miwili sijamsikia huyu mtu akimsemea vizuri mchezaji wa Reli! Nikasema basi Bonde nayo ni timu ya waganga, bila kuchoma udi haifungi. Akakunja kitambaa, akasema inawezekana.

Inawezekana!

Nimeshona mkono wa blauzi ya mteja kwenye shingo. Nimefumua. Nimeushona palepale tena.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamua kupona. Nimefika natembea kikakamavu, nikatangaza kwamba daktari ameniruhusu, presha imeisha yote, haina hata alama. Devendra akainua mikono juu. Macho yalimjaa machozi, nami nikaangalia pembeni. Akatuma vitamu vya ladu vigawiwe maduka yote ya safu yetu.

Nikakaa tayari. Sasa ataanza! Nikamsogezea hata mpira wenyewe, nikamuuliza aliuona mchezo wetu wa Jumamosi? Akasema aliuona, Reli walicheza kwa kujituma.

Nikamfuata Jashoda ndani, kwenye rafu za satini. Nikamwambia shemeji, mumeo amekuwaje? Jashoda akasema ni nadhiri. Jumapili walipotoka kwangu hawakwenda nyumbani, walipitia hekaluni moja kwa moja. Devendra akaweka nadhiri kwamba Fundi akipona, yeye hatamtania tena kwa mpira maisha yake yote. Na sasa Fundi amepona.

Nilicheka. Jashoda hakucheka. Akaniuliza kama namkumbuka Mzee Chintan.

Mzee Chintan! Baba yake Devendra. Ndiye aliyenipa baraza hili siku niliyotokea na cherehani begani, bila kuniuliza natoka wapi wala nimetumwa na nani. Na alianguka palepale kwenye kaunta. Presha. Devendra alikuwa anamtania kuhusu mpira, mzee anacheka, kisha hacheki. Mimi ndiye niliyekishika kichwa chake wakati Devendra anakimbia kutafuta gari. Mpaka leo Devendra husema kwamba neno la mwisho alilomwambia baba yake lilikuwa mzaha.

Nilikuwepo. Nilikishika kichwa kwa mikono hii. Nilisahau vipi?

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mwanne ameniwekea pilau leo. Sikulimaliza.

Alhamisi, 13 Februari

Ningeungama asubuhi, mambo yangeishia hapo. Lakini njiani nikapata akili nyingine. Kama nadhiri inaanza nikipona, basi nisipone! Ugonjwa ukirudi, nadhiri inakoma. Halafu nitaugua kidogokidogo, kwa kiasi cha kutaniwa tu.

Nikachagua robota la satini, laini, nikajiangusha juu yake taratibu. Aah, nikasema.

Devendra aliruka kaunta. Huyu mtu ana goti bovu! Aliruka kaunta, akapiga magoti, akakishika kichwa changu kama nilivyomshika baba yake, akawa anaita gari kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Nikauona uso wake kwa karibu. Nisingemtakia adui yangu kuuona.

Nikaamka. Nikasema kila kitu. Simu, viatu kitandani, dakika ya tisini, robota. Nikamwambia sijaumwa hata kidogo, niliogopa jezi tu.

Hakunitukana. Alirudi kwenye kaunta akamalizia kumpimia mteja wake. Mama wa watu aliomba mita tatu, akakatiwa tano. Kisha Devendra akaingia ndani. Jashoda akatoka kuniambia leo wanafunga mapema. Ilikuwa saa saba mchana.

Sina utani wa kuandika.

Ijumaa, 14 Februari

Nimenunua jezi ya Bonde kwa machinga. Mimi! Nimeivaa tangu asubuhi, bluu inayowaka, nikakaa kwenye cherehani pasipo feni.

Kariakoo yote imekuja. Wachukuzi, wauza viatu, mama wa chapati na mwiko wake mkononi. Wamenipiga picha mpaka nikawa siuoni uzi. Wana-Reli wenzangu wameniita msaliti. Mzee Hafidhi amesema bluu inanikaa, inaficha tumbo. Nimechekwa na mtaa mzima na haijanisaidia chochote, maana mmoja niliyemtaka alikuwa ndani amenipa mgongo, anapanga vifungo.

Baada ya sala ya Ijumaa nikasimama mlangoni. Nikamwambia Devendra, mtani wangu, nimekosa, nicheke. Akaendelea kupanga vifungo. Nikamwambia basi nitukane. Akafungua boksi jingine. Nikamwambia kwamba bila yeye hata kufungwa hakuna maana. Na hilo sikuigiza.

Jashoda alikuwa kwenye kigoda anachagua choroko. Bila kuinua kichwa akasema nadhiri ilikuwa mgonjwa akipona. Mgonjwa hakuwepo. Hakuna aliyepona. Kwa hiyo hapo hakuna kinachodaiwa. Devendra akasema yeye hakumdanganya Mungu. Jashoda akajibu ndiyo, aliyedanganya ni Fundi, na Fundi ameshavaa adhabu yake, na haimpendezi.

Nikaona mgongo wa Devendra unatikisika. Sikujua analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Akatoka na mashine ya presha. Akanifunga mkononi juu ya jezi, mbele ya watu wote, akaibana mpaka vidole vikafa ganzi. Akaisoma. Akajisafisha koo kama mtangazaji wa redio. Akautangazia mtaa kwamba matokeo ni Reli moja, timu iliyolala shuleni moja!

Yakamwagika! Kipa wetu aajiriwe kwenye duka la viatu. Beki wetu ni mtu mwenye heshima, hapeleki mpira mbali bila kumuaga kipa. Na mimi mgonjwa wa kwanza Tanzania kulazwa na viatu! Wiki nzima alikuwa ameyabana yote hayo kifuani, maskini, na alikuwa ameyapanga vizuri. Mzee Hafidhi alimwaga kahawa kwa kucheka. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, mama wa chapati akanipa kona ya kanga yake nijifute.

Watu walipotawanyika Devendra akainama karibu, akasema kwa sauti ndogo nisimfanyie vile tena. Nikamwambia sitamfanyia. Akanirudishia feni.

Nampenda huyu Mhindi wa bluu. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 20 Februari

Jumamosi tunacheza nyumbani tena, na timu ya pili kutoka mkiani. Nyepesi! Asubuhi kijiweni nimesema tutaifunga tatu. Devendra akasema hata moja hatutapata. Sasa mtu avumilie hilo? Nikasimama, nikasema tukishindwa kuifunga nitacheza ngoma katikati ya Kariakoo nimevaa sari, na Jashoda aichague yeye. Mzee Hafidhi akawa shahidi. Jashoda ameshatoa ya waridi yenye nakshi za dhahabu.

Tutashinda. Nina uhakika. Kipa amebadilishwa.

Ila mtu mzima hujiandaa. Presha sirudii ng'o, nilimwahidi mtani wangu na ahadi ni deni. Moyo, kifua, kuanguka, hivyo vyote nimeviacha kabisa. Lakini jino! Jino haliui mtu. Hakuna anayekwenda hekaluni kwa ajili ya jino la fundi cherehani. Wala mtu mwenye shavu lililovimba hawezi kucheza ngoma, hata watani watakubali.

Tangu mchana nimeanza kutafunia upande mmoja, ili watu wazoee.