Chirau wa Bodo ni Marehemu

Jumatatu, 14 Julai 1997
Binamu yangu Chirau anagombea udiwani. Nami nagombea. Jana kanisalimia vizuri mno msikitini. Ana lake jambo. Ukaguzi wa daftari la wapiga kura unafungwa Ijumaa, na asiyekuwamo hagombei. Hapa Bodo kura ya uhakika ninayo moja, ya mama, Bi Mwanarusi. Wengine siwaamini, pamoja na mke wangu Twaiba.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda ofisini Msambweni. Karani ni dada wa bara, Gillian. Nikamwarifu kwa huzuni kwamba Chirau wa Bodo ni marehemu. Si uwongo. Babu yetu Chirau alikufa zamani. Akauliza Chirau yupi, maana wako sita. Nikajifuta machozi. Akasema pole sana, akachukua rula na kalamu nyekundu.

Jumatano, 16 Julai
Chirau bado anacheka na watu. Hajui. Au anajua? Nimenunua kanzu ya kampeni.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Gillian amewafuta akina Chirau wote sita, asije akakosea. Nami ni Chirau! Wajukuu tulirithi jina la babu, ila mimi naitwa Meneja tangu nilipokuwa nikikunja mashuka hotelini Diani. Nikasahau. Nikamwambia mimi ni mzima. Akasema sori, habari ya msiba nilileta mwenyewe, nilete shahidi.

Nikambembeleza Twaiba. Akajibu kwamba ikiwa nimekufa basi yeye yuko edani, hawezi kutoka nje. Akajitanda shuka jeupe, akaketi. Kaka zake wakaleta mchele wa matanga. Niliumia sana. Wali niliula.

Ijumaa, 18 Julai
Chirau amekwenda Msambweni na imamu, wakashuhudia kwamba sote tu hai. Jina langu limerudi. Kanipa mkono, kasema tushindane kwa wema. Nusura nilie. Halafu nikajiuliza, mtu gani humfufua mpinzani wake bure?

Jumamosi, 19 Julai
Ukaguzi umeongezwa wiki moja. Nami nimeigundua siri ya Chirau: wanawake wanaompigia debe, wengi wao huitwa Mwanarusi, jina la nyanya yetu. Naye nyanya ni marehemu wa kweli.

Jumatatu nakwenda kwa Gillian. Leso ya machozi ninayo tayari. Mama ameniombea dua ya safari, akasema nisihofu, kura yake ni yangu.