Kipengele cha Mwanangu Kimewekwa Mkiani

Kwa Ndugu Msimamizi Mkuu,
Mradi wa Mfumo wa Kufungasha Data na Kuita Programu za Mbali.

Ndugu Msimamizi,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, umekaa, na umeshakula, maana nataka uisome yote, na mtu mwenye njaa husoma mwanzo na mwisho tu.

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu mwenyewe, viti vinne, kioo ukuta mzima, na kikausha nywele cha kukalia chini yake ambacho hakuna mwingine aliye nacho mtaa huu. Lakini sikuandika ili kujisifu kwa kikausha. Nimeandika kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa yule binti mrefu mwenye mwanya, injinia wenu, anayekaa karibu na dirisha. Kama huyo humjui, basi hapo ofisini humjui mtu. Alijua kusoma saa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na kusema kweli kamba zinamsumbua hadi leo, ila saa haijawahi kumshinda.

Ili usidhani nabahatisha, mfumo wenu nimeelezwa nikauelewa. Programu moja ikitaka kazi ifanywe na programu nyingine iliyo kwenye kompyuta ya mbali, mfumo unayachukua maneno yake, unayafungasha, unayasafirisha, huko yanafunguliwa, kazi inafanyika, na jibu linafungashwa na kurudi. Mwanangu aliniambia, "Mama, ni kama kumtuma mtu dukani, ila huyu anayetumwa hapitii kwa rafiki zake." Nikamwambia basi hicho ni kitu kikubwa, ningekuwa nacho wakati nawalea ninyi.

Sasa, mmetoa orodha ya vipengele mnavyopanga kuongeza kwenye mfumo, mkaibandika mtandaoni kila mtu aione. Nimeiona kwa macho yangu kwenye simu yangu. Kipengele cha mwanangu mmekiweka mwisho kabisa, chini ya mstari, penye maneno "Baadaye, ikiwezekana." Ndugu Msimamizi, nimelea watoto watatu. Najua maana ya "baadaye, ikiwezekana." Mimi mwenyewe niliwaambia hivyo kuhusu baiskeli, na wote wanatembea kwa miguu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipengele chenyewe ni cha kusitisha kazi. Ilivyo sasa, aliyeita akichoka kungoja akaondoka, programu ya mbali haina habari. Inaendelea kutoka jasho ikimtafutia jibu mtu ambaye hayupo. Mwanangu anataka iambiwe: wacha, mwenzako ameshaondoka, shika kazi nyingine. Hapo kuna nini cha kuitia kamati? Mteja wangu akiinuka na nusu kichwa akaenda zake, mimi nibaki nasuka kiti? Mwanangu ameliona hili akiwa na umri ambao wengine bado wanaombwa na mama zao waoge.

2. Tuangalie mlivyoviweka juu yake. Cha kwanza ni kuibana data iwe ndogo zaidi. Sina ugomvi nacho, ingawa mimi najua kichwa kilichobanwa kupita kiasi mwenyewe halali. Cha pili ni kuufanya mfumo ukubali lugha nyingine ya kompyuta, ambayo mwanangu anasema wanaoitumia ni wachache na wote wana hasira. Sawa, tusiwaudhi. Lakini cha tatu, Ndugu Msimamizi, ni kubadilisha rangi ya ukurasa wa maelezo. Rangi. Nimeuliza ni wazo la nani nikaambiwa ni la yule kijana wa miwani aliyeajiriwa juzijuzi. Sina neno naye. Ana mama yake, na kama anaona rangi yake ni muhimu, kalamu zipo.

3. Ninyi wenyewe mliandika kwamba mradi huu ni wa wazi, mtu yeyote anaweza kujisajili, na anayekitaka kipengele fulani akiwekee dole gumba. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Niliwahamasisha wateja wangu. Mtu akiwa chini ya kikausha hana pa kwenda, kwa hiyo nilikuwa nampa simu yake mkononi, namwonyesha pa kujisajili, anaweka dole, anarudi kwenye usingizi wake. Hakuna aliyelazimishwa. Mmoja aliniambia, "Shoga, mimi hata sijui nakipigia kura kitu gani." Nikamwambia, "Na wale wengine uliowapigia kura ulikuwa unawajua?" Akaweka dole bila maneno zaidi. Basi kipengele kikapanda, kikaipita rangi, kikaipita lugha ya wenye hasira, kikawa kinapumulia kisogo cha kubana data. Wengine waliandika na maoni. Fundi viatu wa mlango wa pili aliandika, "Sisi wananchi tumechoka, tunataka kusitishiwa." Mama mkwe wa mteja wangu mmoja aliandika "Amina," kwa kuwa alidhani ni kundi la sala, lakini dole lake ni halali kama dole lolote.

Asubuhi moja nikafungua nikakuta mjadala umefungwa. Madole yote yamefutwa. Juu yake pameandikwa: "Tafadhali, maoni yatoke kwa wanaoutumia mfumo."

4. Aliyeufunga hakuweka jina lake. Ameweka picha ya kobe.

Nataka kuzungumza kidogo juu ya kobe huyu. Mtu aliyelelewa hawafungii wageni mlango wakiwa tayari sebuleni. Mtu aliyelelewa hulisema lake akiwa na uso, hajifichi ndani ya gamba. Nauliza kwa nia njema kabisa: kobe huyu ana mama? Kama anaye, alikuwa wapi? Alikuwa na shughuli gani kubwa kiasi hicho hata akamwacha mwanawe akue hivi? Nimewalea wangu peke yangu, nikiwa nimesimama kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayeweza kumfanyia bibi mzee aliyeandika "Amina" unyama wa namna ile. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na namwombea ulimwengu usichelewe.

5. Kuhusu hao "wanaoutumia mfumo." Nani kasema hatuutumii? Nimeelezwa kwamba mtu akinunua umeme kwa simu yake, hapo katikati programu zinaitana zenyewe kwa zenyewe kwa mifumo kama huu wenu. Mimi nanunua umeme kila mara, kikausha kinakula. Kwa hiyo ninautumia. Tena ninautumia kuliko mwanangu, yeye anautengeneza tu. Na kama sisi ndio watumiaji na ninyi ni watengenezaji, basi orodha ni yetu, ninyi mnaishika kwa niaba. Na kama ni yetu, sioni kwa nini inapangwa huko kwenu wakati kwangu kuna viti, kuna feni, na watu wenye maoni hawakosekani.

6. Hili la mwisho nililitaka liwe la kwanza, mkono ukakataa. Mwanangu hali vizuri. Alikuja Jumapili, nikampikia kile anachokipenda, akakisogezasogeza kwenye sahani. Nikamuuliza, "Vipi, mama?" Akasema, "Hamna, Mama. Kazi tu." Ndugu Msimamizi, wewe unaweza kuamini "hamna." Mimi siwezi. Alipoanza kukitengeneza kipengele hiki alinipigia simu akicheka, akinieleza mambo ambayo hata nusu yake sikuyaelewa, na nilifurahi kuliko siku alipomaliza chuo. Sasa hakitaji tena. Nikikitaja mimi, anaosha vyombo ambavyo ni visafi. Mtu akiwekwa mkiani na wenzake, hata akikaa karibu na dirisha, anaona giza. Hilo ndilo linaloniumiza, mengine yote ni maneno.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kipengele cha kusitisha kiwekwe cha kwanza. Mjadala ufunguliwe, madole yarudishwe kwa wenyewe. Kobe aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, akiwa na sura yake halisi. Toleo lijalo la mfumo lipewe jina la mwanangu, na mkiliona refu, langu ni fupi. Mimi niingie kwenye kamati ya kupanga orodha, na vikao vifanyike Jumatatu hapa saluni, wateja huwa wachache. Hiyo rangi ya ukurasa msihangaike nayo, nitaichagua mimi.

Naweka kalamu chini kwa heshima zote. Mkono umechoka, moyo bado. Nisalimie mlinzi wa getini. Nisalimie dada wa mapokezi, mwambie nilimwona siku ile nilipomletea mwanangu mwavuli, na kile kichwa aje nimrekebishie, sitamwuliza nani alimfanyia vile. Nisalimie wa miwani pamoja na mama yake. Nisalimie wafagizi, wapishi, na wote wenye kuutakia mema mfumo. Kobe usimsalimie.

Ni mimi, nisiyechoka kufuatilia,
Mama Injinia,
Saluni ya Kona.

N.B. Nimeongeza haya baadaye. Kabla ya kuifunga bahasha nilimpigia mwanangu nikamsomea barua yote, nikitegemea kusifiwa. Kisha akasema, "Mama. Kobe ni mimi."

Anasema ni yeye aliyeufunga mjadala, na ni yeye mwenyewe aliyekishusha kipengele hadi chini ya mstari. Wewe, Ndugu Msimamizi, ulitaka kibaki juu, akakataa. Walipokijaribu, aliyeita mmoja akiondoka, kazi za wote wengine nazo zilikatwa. Ni kama mteja mmoja ainuke kwenye kiti, saluni nzima izimwe taa, na waliobaki watolewe nje na nusu vichwa. Bado hajapata dawa yake, na ndiyo iliyomzuia kula. Nikamwambia kosa dogo kama hilo wangelisamehe. Akasema, "Mama, niache nikimalize mwenyewe. Kikipanda kwa madole ya saluni, hata kikija kuwa kizuri, mimi nitajuaje?"

Nikaishika kalamu tena.

Kwa hiyo futa la kwanza hadi la tano. La sita libaki, lakini si kosa lenu. Kuhusu kobe, nimefikiri upya. Mtu anayefunga mlango wa nyumba ambayo haijaezekwa, ili wageni wasiangukiwe na mabati, amelelewa vizuri mno, na mama yake anajulikana. Kipengele kikae mkiani hadi mwenyewe aseme kimeiva. Mtu yeyote akijaribu kukipandisha kabla ya hapo, hata kwa wema, atanikuta mimi. Na nakushukuru kwa kutaka kumweka juu, sikujua.

Amenisihi nisiitume barua hii na nimemwahidi sitaituma. Basi ukimwona, hujapata kitu. Ila siku atakapokwambia kiko tayari, mwulize kwanza kama amekula.