Kulia Upepo, Kushoto Kimya

Fundi Baridi hakuwa fundi, na siku ile hata huo ubaridi ulikuwa umemkimbia. Alikuwa mtu wa kumi na tisa kwenye benchi la ofisi ya vibali, jasho linamtiririka mgongoni, amekuja kuomba kibali cha biashara ambayo hakuwa na nia ya kuifanya. Mbele kabisa, dada wa dirishani alikuwa anaipepea laptopu kwa faili.

Si mzaha. Aliipepea kama mtu anayempepea mgonjwa wa homa. Laptopu ikanguruma, ikalia kama mashine ya kusaga, halafu ikazimika. Benchi zima likaguna.

"Imezima tena," akasema dada. "Namba kumi na moja asubiri ipoe."

"Mimi namba yangu kumi na moja ni ya jana," akajibu mzee mmoja.

Wengine wote pale waliona kero. Baridi aliona shamba limeiva na halina mlinzi.

Ofisi ilikuwa na laptopu kumi na moja: tisa za makarani, moja ya stoo, moja ya Mkuu. Zote zilikuwa zinachemka kwa sababu moja tu, matundu yake ya hewa yamejaa vumbi na hakuna aliyetumwa kuyasafisha. Brashi ya kazi hiyo haizidi bei ya kiberiti. Lakini kununua brashi kunataka sahihi ya Mkuu, na Mkuu hasaini vitu vidogo. Ndivyo walivyo wakubwa. Jambo likiwa dogo linawashushia hadhi, wanalingoja likue limuue mtu mwingine. Wapo waliokaa kwenye benchi lile wameacha mgonjwa nyumbani, wakarudi na kibali mkononi, mgonjwa hayupo. Hayo hayaandikwi kwenye ripoti.

Baridi akainuka, akavuta shati likae sawa.

"Dada, samahani. Mgonjwa wako ana joto kiasi gani?"

"Wewe daktari?"

"Wa binadamu, hapana. Wa hawa, ndiyo."

Akatoa kidude chake cha kuhifadhia mafaili, akakichomeka ubavuni mwa laptopu. Kioo kikaonyesha tarakimu nyekundu: nyuzi tisini na sita.

"Maji yanachemka kwa mia, dada yangu. Hapa umebakiza majani ya chai tu."

Alichoingiza kilikuwa programu ya kuongoza feni. Kwa kawaida mashine yenyewe ndiyo inayoamua feni yake izunguke lini na kwa kasi gani. Programu ile inaipokonya mashine uamuzi huo na kumkabidhi mtu. Kuna kitufe kidogo kwenye mstari: ukikisukuma kulia feni inakwenda mbio, ukikisukuma kushoto inapunguza, ukikifikisha mwisho wa kushoto inalala. Baridi akakisukuma kulia. Feni ikavuma. Tisini, themanini na tano, sabini na mbili. Benchi likapiga makofi.

Hadi saa sita mchana alikuwa ameziwekea mashine zote programu ile.

"Tukulipe nini?" dada akauliza.

"Bure, dada. Kazi ya nchi."

Msomaji, mjini ukisikia mtu anasema bure, shika mfuko wako.

Mashine ya mwisho ilikuwa ya stoo. Humo alikaa Bi Stoo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na daftari nene kuliko mto wa kulalia. Miaka thelathini na moja hakuna kilichoingia au kutoka ofisini bila kupita kwenye daftari lile, hata pini.

"Umeingiza nini kwenye mashine zangu?"

"Programu tu, mama. Haishikiki wala haionekani."

"Hewa nayo haionekani, ila ikikosekana tunazika. Kila kinachoingia kinaandikwa. Inaitwaje, na kazi yake nini?"

Baridi akacheka. Akaona ni raha kumfundisha bibi mambo ya kisasa.

"Andika: programu ya feni. Ipo hapa pembeni ya saa, kialama kidogo. Kulia upepo, kushoto kimya."

Bi Stoo akaandika, herufi moja baada ya nyingine: *Programu ya feni, kumi na moja. Kulia upepo, kushoto kimya.*

Mama huyu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kumemkwama kooni. Barua yake ya kuondoka isingetoka mpaka akabidhi stoo, kila kitu kiwepo au kiwe kimefutwa kwa sahihi ya Mkuu. Na nyuma ya kabati kulikuwa na laptopu kumi na nne zilizokufa kufa kweli, za miaka tisa iliyopita. Nyingine panya walikwisha kuzalia ndani. Wakuu watatu walipelekewa fomu ya kuzifuta, wakuu watatu wakasema wataiangalia. Mpaka leo zilihesabiwa nzima, ziko mikononi mwake, na kama zisingefutwa, angezilipia yeye.

Wiki ikapita. Baridi akarudi na koti jeupe.

"Nimekuja kuangalia wagonjwa wangu," akasema, akapita meza kwa meza huku akiuliza hali za watoto. Kila meza aliyopita, hata ya stoo na ya Mkuu, kitufe kilikwenda kushoto mpaka mwisho.

Haikufika nusu saa. Mashine ya kwanza ikazimika, ya pili ikafuata, ya tatu ikafa katikati ya jina la mtu. Safari hii hazikunguruma hata kidogo. Zilikufa kimyakimya, kistaarabu, mpaka makarani wakaogopa. Laptopu ina akili kuliko wengi wanaoimiliki, ikiona inaungua inajizima yenyewe isiharibike. Baridi alilijua hilo. Mkuu hakulijua.

Mkuu alimpokea ofisini kwake ghorofani, laptopu imekaa juu ya mto wa mahameli kama mtoto wa mfalme. Mto wenyewe ndio uliokuwa unaiziba pumzi kwa chini, lakini nani amwambie?

"Fundi, hata yangu imezima! Si ulisema umezitibu?"

Baridi akaitega sikio, akaigusa kwa kidole, akavua kofia.

"Mkuu, nilizipa wiki moja ya kuaga. Zimekufa. Moyo umeungua kwa ndani."

"Zote?"

"Zote. Lakini kila msiba una pilau... samahani mkuu, kila msiba una faraja yake. Zikifutwa hizi, zitanunuliwa mpya. Na muuzaji wa mpya huwa hamsahau aliyesaini."

Mkuu akakohoa. Kuna kikohozi cha kifua na kuna kikohozi cha tumbo, hiki kilikuwa cha tumbo.

"Na hizi maiti?"

"Nitakuondolea mimi. Nina mkokoteni. Ukiziacha hapa zitakunukia kwenye ukaguzi."

Baridi akaandika ripoti palepale, akaipigia muhuri wake wa kuchonga: *Nimezikagua. Zimekufa kabisa, hazitibiki, hazina thamani yoyote.* Mkuu akavuta fomu ya kufuta mali. Fomu ilikuwa na nafasi ya idadi, nafasi ya namba za mashine, na nafasi ya sahihi. Akaruka zile mbili za kwanza kama anavyoruka dimbwi, akasaini.

"Hayo madogo Bi Stoo atajaza. Yangu niachie kwanza, mkuu hakai kwenye meza tupu. Chukua za wengine."

Bi Stoo aliipokea fomu akaisoma mara mbili. Mashine kumi zikabebwa zikapangwa stoo kwake, bado za moto. Baridi alitaka kuondoka nazo saa hiyohiyo.

"Haiwezekani, mwanangu. Mali iliyofutwa inatoka ndani ya gunia lililoshonwa na kupigwa lakiri. Ndiyo kanuni. Njoo kesho saa nne."

"Mama, takataka nayo ishonwe?"

"Hasa takataka."

Alipobaki peke yake akakaa juu ya kiti chake na hofu yake. Mashine kumi zinatoka, sahihi ni ya Mkuu, lakini daftari ni lake. Kesho kutwa wakija wakaguzi wataulizana nani alizitoa, na wakubwa wakiulizana, kidole huteremka ngazi mpaka kimkute wa chini kabisa. Kumwambia Mkuu? Mkuu ndiye mwenyewe.

Kitu kimoja kilimsumbua. Mashine ya stoo miaka yote ilivuma kama nyuki. Leo imekufa bila sauti. Tangu lini kitu kinachoungua kikanyamaza? Akafungua daftari, akarudi nyuma wiki moja, akaweka kidole kwenye mstari. *Kushoto kimya.*

Akaiwasha mashine. Akatafuta pembeni ya saa, miwani imegusa kioo, akakiona kialama. Kitufe kilikuwa kushoto kabisa. Akakisukuma kulia kwa uangalifu wa mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto.

Nyuki wakarudi.

Bi Stoo akacheka peke yake mpaka uzi wa miwani ukakatika. Kisha akaifunga miwani upya, akavuta fomu yenye sahihi ya Mkuu, akaanza kujaza. Namba za mashine: akasogeza kabati, akazisoma moja moja kwenye migongo ya zile maiti za miaka tisa. Idadi: kumi na nne. Hakuandika hata neno moja la uongo. Zilikuwa zimekufa kabisa, hazitibiki, hazina thamani yoyote.

Kesho yake saa nne kamili mkokoteni ulikuwa mlangoni. Magunia matatu yameshonwa kwa uzi wa katani, lakiri nyekundu mdomoni.

"Mwanangu, umenipata pabaya," akasema Bi Stoo. "Kulikuwa na nyingine nne zilizokufa humu stoo. Nimezichanganya, zote kumi na nne. Mkokoteni utabeba?"

Macho ya Baridi yakawaka, halafu akayazima upesi. Kumi na nne!

"Mama, kwa ajili yako nitabeba hata kumi na tano."

Akaweka mkono kwenye mshono. Bi Stoo akamtazama juu ya miwani.

"Unataka kukagua? Takataka inakaguliwa ya nini, baba? Au kuna kitu kizima humo, nikamwite Mkuu?"

"Hapana, hapana, mama! Nilikuwa nasifia mshono."

"Basi saini hapa. Umepokea kumi na nne, zimekufa, na huna dai."

Akasaini kwa mbwembwe, akachora na mkia chini ya jina. Akausukuma mkokoteni huku akipiga mluzi.

Saa nane mchana alirudi mbio mpaka mlangoni, mkokoteni unarukaruka, gunia moja limechanwa. Mnunuzi wake alikuwa ametoa laptopu ya kwanza, akatoka panya. Akatoa ya pili, akatoka mamaye.

"Mama! Umenipa mbovu!"

Benchi lilikuwa limejaa, na foleni ilikuwa inakwenda. Dada wa dirishani alikuwa anachapa namba thelathini na mbili bila kuinua uso. Kila meza ilivuma.

"Sauti chini, mwanangu," akasema Bi Stoo. Akafungua ripoti. "Nisomee hapa, miwani yangu mibovu. Nani ameandika 'zimekufa kabisa, hazitibiki'?"

"Mimi, lakini..."

"Mbovu ndizo ulizoziombea. Ungekuta nzima ndiyo ungekuja kulalamika."

Benchi likaangua kicheko. Baridi akawatazama makarani, akashusha sauti.

"Basi zirudishe humo ndani, mama. Nifanyie hisani. Mkokoteni nimekodi."

"Mali ikishafutwa hairudi ndani. Nikiipokea nitaandika imetoka kwa nani, na kwa nini. Niandike?"

Kalamu ilikuwa tayari hewani. Baridi akarudi nyuma hatua moja, akaanza kuugeuza mkokoteni.

Dirisha la ghorofani likafunguka kwa kishindo. Mkuu alitoa kichwa, shati limelowa, laptopu ameikumbatia na mto wake. Mashine ile ndiyo pekee ambayo Bi Stoo hakuigusa, maana haikuletwa stoo.

"Fundi! Fundi Baridi! Za makarani zimefufuka, yangu bado maiti! Panda juu! Panda haraka!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Fundi Baridi alimwona mtu mwenye fedha, mwenye shida, asiyejua kitu, anamwita kwa jina. Akatazama dirisha. Akatazama kalamu ya Bi Stoo.

Akauacha mkokoteni palepale, akakimbilia barabarani.