Limau Usoni, Koti la Baba

Jumamosi, 2 Oktoba 1993

Aibu kubwa. Asubuhi nashuka mtoni kunawa, nakutana na Esnath, mke mpya wa mdogo wangu Lusungu. Ana wiki moja tu hapa kwetu. Nikakohoa nimsalimie vizuri kama shemeji. Akatupa kuni chini, akajifunika kanga kichwani, akatokomea migombani! Nikageuka nione baba yuko wapi, maana kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anajificha mpaka apite. Nyuma yangu hapakuwa na baba. Palikuwa na mbuzi.

Mzee alikuwa mimi! Nina miaka thelathini na mbili.

Lusungu alicheka mpaka akakaa chini. Anasema nisimlaumu mkewe, uso umenitangulia kuzeeka. Chanzo nakijua: kulima mpunga Kyela, jua la utosi, bila kofia. Kofia inaharibu njia niliyochana nywele. Nimerudi na madoa mashavuni na mikunjo kama kiazi cha mwaka jana. Na Jumapili ijayo nakwenda Kisondela kumwambia Tusekile kwamba nataka kumwoa. Siwezi kwenda na uso wa baba.

Jumatatu, 4 Oktoba

Dukani kwa Hasheem, pale mtaa wetu wa Bagamoyo, si ule mji wa pwani. Juzi juzi tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa biashara imeachiwa huru, rafu zimejaa mafuta mpaka mtu unapata kizunguzungu. Tyubu yenye picha ya chungwa. Kopo la waridi kutoka Zambia. Kichupa cha kahawia, kidogo kama cha dawa ya macho.

Hasheem akanieleza taratibu. Ngozi iliyoharibiwa na jua inapenda vitamini C, lakini si kila penye picha ya chungwa pana vitamini C. Kitu chenyewe huharibika kikipigwa na mwanga na hewa, ndiyo maana hukaa kwenye chupa ya giza, imefungwa vizuri. Ikigeuka rangi ya chai, tupa. Upake kidogo kidogo, usubiri miezi. Mikorogo nisiiguse kabisa. Halafu akasema dawa ya kwanza ni kofia.

Hapo nikamshtukia. Anauza kofia! Zimening'inia mlangoni.

Miezi! Mimi nina mpaka Jumapili. Na vitamini C nimefundishwa shuleni: imo kwenye limau. Mlimau uko nyuma ya jiko letu. Kichupa cha nini? Nikashukuru, nikanunua kiberiti.

Mlangoni nikakumbana na Ackson, fundi cherehani, ambaye naye anamtazama Tusekile kwa jicho nisilolipenda. Umri wetu mmoja, tumebatizwa siku moja. Yeye hutembea na mwavuli hata kiangazi, na uso wake ni mororo kama wa mtoto. Akainama, akavua kofia, akaniamkia shikamoo. Mbele ya watu! Kibaya zaidi, mdomo wangu ukaitikia marahaba.

Jumatano, 6 Oktoba

Kazi imeanza. Maji ya malimau, parachichi la kushikisha, na vile vidonge vya vitamini C vya watoto, vya kutafuna, nimevisaga kwa jiwe la karanga. Tatizo ni baridi yetu hii. Haikauki! Inateleza mpaka shingoni. Nikapata akili: jua. Nikapanda paa la banda la ng'ombe, nikaulekeza uso juani asubuhi nzima mpaka ukakakamaa.

Esnath akapita chini, akatazama juu, akajificha tena.

Lusungu akauliza kama kweli natibu uso uliounguzwa na jua kwa kuuanika juani. Hana elimu ya mambo haya. Inawasha kidogo. Maana yake dawa inaingia.

Ijumaa, 8 Oktoba

Haiwashi kidogo. Inawaka! Malengelenge shavu la kushoto. Jicho la kulia limefumba. Pale limau lilipotiririka shingoni pana michirizi myeusi. Madoa ya zamani hayaonekani tena, yamepotea katikati ya mapya. Hiyo ni hatua.

Nesi wa zahanati akauliza kama nimemwagikiwa na uji. Nikasema ndiyo. Uji wa moto sana.

Nasikia Ackson amempelekea mama yake Tusekile gauni, bure. Anapitia kwa mama, mjanja yule! Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nampenda Tusekile. Nikimkosa kwa ajili ya mashavu sitajisamehe.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimekwenda. Nilijifunika koti refu la baba, kola juu mpaka masikioni, na kofia yake nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Nywele zimelala, basi. Koti lile lina kiraka chekundu cha blanketi mgongoni na vingine viwili viwikoni. Kisondela nzima inalijua.

Kwenye njia ya kwao nikamwona Tusekile anakuja na kikapu cha maparachichi kichwani. Akaniona. Akatua kikapu, akajifunika kanga, akaingia migombani!

Nilikaa kwenye ukingo wa njia. Karibu nilie, ila chumvi ya machozi ingeniunguza zaidi. Hata yeye ananiona mzee.

Ndipo nikafikiri. Esnath alifanya hivi hivi. Lakini Esnath ameolewa! Msichana haachi maparachichi njiani kwa ajili ya mzee yeyote tu. Anamkimbia baba mkwe. Na hili koti ni la nani?

Nikaita, "Tusekile, ni mimi, Ambindwile."

Migomba ikatikisika. Akatoka, majani kichwani, amekasirika. Akaniangalia uso, akashika mdomo. Akacheka mpaka akashikilia mgomba. Akauliza nimefanya nini, nikamweleza yote, hata paa. Akasema Ackson alimwambia nimezeeka, naye akamjibu kwamba ni jua la kazi, si uzee. Kisha akainama kuokota kikapu chake.

"Mimi nimeshakimbia," akasema. "Mlete mwenye koti."

Nimerudi nyumbani bila kugusa ardhi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Baba amekubali. Jumamosi anakwenda Kisondela kuniposea, na koti amelidai lirudi leo hii. Tusekile amempitishia Esnath zawadi yangu: kofia pana ya ukindu, nzuri, na ujumbe kwamba niivae na nisipake kitu chochote. Esnath amenikabidhi akinitazama usoni kabisa. Sasa mimi ni shemeji.

Watu watasema ni koti lililonipatia mchumba. Nani alivaa koti kwa sababu ya limau? Basi ni limau.

Lakini harusi ina mpiga picha, na picha hukaa ukutani miaka. Jana redioni wamesema pilipili ina vitamini C nyingi kuliko limau. Hawakusema pilipili gani. Kwa akili yangu, iliyo kali ndiyo yenye nguvu. Nimetoka shambani sasa hivi. Jua likichomoza kesho nitakuwa paani.

Kofia ya Tusekile imenifaa sana. Imejaa pilipili kichaa mpaka juu.