Kustaafishwa kwa Kupe ya Mama Emérance

"Kuanzia Jumatatu, wakaaji wote wa Bunia wajulishwe kwamba uzee barabarani umefutwa."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa Biro ya Magari ya Kizee. Mkuu wa biro, Chef Josaphat, alikuwa ameliandika mwenyewe mara tatu, mpaka likampendeza. Chochote kilichoanza kazi mjini kabla ya mwaka 1980 kistaafu na kurudisha funguo, isipokuwa kama raia watatu watashuhudia kwamba kinawasaidia kila siku. Katibu wake, Ornella, aliuliza kama "chochote" inatosha.

"Andika 'chochote na yeyote'," Chef akamwambia. "Sheria isiwe na tundu."

Kusema kweli, gari ya umri huo ilikuwa moja tu: kupe ya Mama Emérance, muuza mikate wa mtaa wa Ngezi. Kupe, yaani gari ya Ulaya ya milango miwili. Wafugaji wawili waliosikia 'kupe' wakaja kuuliza dawa ya ng'ombe walieleweshwa, wakarudi. Gari yenyewe ilipakwa rangi ya papai lililoiva, milango ya kijani. Josaphat hakuwa na chuki nayo. Ila kila asubuhi ilimpita kwenye kilima, yeye akiwa ndani ya gari mpya ya serikali, na jambo hilo halikuwa na utaratibu.

Jumatatu Mama Emérance akaja, akaketi bila haraka.

"Mama, hii gari iko muzee," Josaphat akaanza kwa upole wa kikazi. "Siye hatuifukuzi. Tunaipumuzisha. Tutaiandikia hata barua ya shukrani."

"Na mikate yangu, Chef, itabebwa na barua?"

Josaphat akakohoa, akaomba mashahidi. Wakaingia kumi na saba, wote walaji wa mkate ule. Muuguzi mmoja akaongeza kwamba mvua ikinyesha, kupe ndiyo inayomfikisha kazini. Chef ni mtu wa sheria. Akapiga muhuri wa msamaha huku moyo ukimuuma.

Ornella alikuwa bado anasoma carte rose, kadi ya kuandikishwa kwa gari. "Chef, hapa iko saini yenu. Mwaka 1978."

Josaphat akatabasamu. "Ni mimi niliiandikisha. Nilikuwa karani. Nilikuwa nimekwisha kumaliza miaka mbili kwenye hii biro."

Akasikia mwenyewe alichosema, na lile neno 'yeyote' likamrudia.

Ornella, aliyefundishwa na Josaphat mwenyewe kutoruka kifungu, akafungua ukurasa mpya. "Mashahidi, Chef? Watatu wanatosha."

Josaphat akawageukia wale kumi na saba. Mwalimu mmoja akatazama viatu vyake. Muuguzi akakumbuka mgonjwa. Mzee mmoja akanyoosha mkono, chumba kizima kikapata tumaini, kumbe alikuwa anaomba dirisha lifunguliwe.

Saa sita Josaphat akaziweka funguo za gari ya serikali mbele ya Ornella, akatoka na mkoba wake. Nje, Mama Emérance alikuwa anapanga mikate.

"Mama, unapita upande wa kwangu?"

"Ninapita, Papa. Lakini kiti iko na mikate. Weye utaibeba kwa magoti."

Akaingia, akaipakata. Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke alitoka na sahani, akapokea mkate kutoka mikononi mwa Josaphat.

"Aksanti, Papa."

Josaphat, ambaye miaka yote ile hakuwahi kuambiwa hivyo kazini, akauliza kama kuna mahali pa kutia saini.