Kiu Iliyovuka Barabara

Jumatatu, 9 Juni
Duka limelala tena. Friji inanguruma, soda zimejipanga, mteja hakuna. Ng'ambo ya barabara Kija anauza juisi ya ubuyu na ana foleni. Kija! Mtu ambaye hata friji hana. Ana ndoo na barafu.

Nimewaza mpaka mchana. Tatizo si bei. Wala si huduma yangu, ambayo ni nzuri nisipokuwa na usingizi. Tatizo ni kwamba watu wa stendi hii ya Bariadi hawana kiu. Basi kiu itengenezwe!

Mke wangu Milembe hukaanga dagaa, huwafunga kwenye vipakiti, nasi huviuza hapa dukani. Nimemwambia kuanzia leo kazi ya kutia chumvi aniachie mimi. Amefurahi kwamba hatimaye namsaidia jikoni. Maskini.

Jumatano, 11 Juni
Imekubali! Abiria wa Mwanhuzi kanunua pakiti, karudi mbio kutaka maji, karudi tena kutaka soda. Basi lake nusura limwache. Fundi baiskeli kasema hajawahi kula dagaa watamu hivi, wametoka wapi? Nikasema Lamadi ziwani, kwa Benadetha anayetuuzia.

Benadetha naye huwa keshawatia chumvi yake kabla hawajafika kwangu. Juu ya hiyo naweka yangu. Leo nimeongeza na kile kiungo cha unga chenye picha ya kuku. Kuku mwenyewe hajapita hata karibu. Kumbe nacho ni chumvi tupu! Imeandikwa nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Nimelala kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa. Kiu yangu, niliyoitengeneza kwa mikono yangu, inavuka barabara! Wanakula dagaa kwangu, wanakunywa juisi kwa Kija. Leo kanipungia mkono. Anacheka! Dawa ni moja: chumvi zaidi, kikombe kimoja cha ubuyu kisiwatoshe.

Jioni kaja mama mkwe, Nyamizi, kutoka Mwanhuzi. Nimeinamisha kichwa, nikamwamkia Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikakimbilia dukani. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hapo wazee walitutendea wema mkubwa.

Jumapili, 15 Juni
Vipakiti vinapotea. Mwizi ni Kija, nani mwingine? Baada ya kanisa nimemwambia hivyo mbele ya watu. Akajibu kwamba dagaa wangu hawezi kula hata kwa kulipwa, ulimi wake bado anauhitaji. Watu wakacheka. Washenzi.

Nikajificha nyuma ya makreti ya soda kumvizia. Mlango wa uani ukafunguka. Mama mkwe! Akakaa kwenye stuli yangu, akafungua pakiti, akala, akalamba vidole, akafungua nyingine. Ningetokaje? Mkwe gani anamkamata mama mkwe? Nikabaki nimechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Alikuwa anaimba taratibu. Nakiri nilijisikia fahari. Mpishi gani hapendi kusifiwa?

Jumanne, 17 Juni
Mama mkwe ameanguka uani.

Kichwa kinamgonga, macho hayaoni vizuri, miguu imevimba. Milembe alipiga kelele, nikaita bajaji. Milembe kumpandisha peke yake hawezi, ikabidi nimshike mkono, mimi mkwe wake. Mkono ulikuwa umelowa jasho. Njia nzima sikuwaza soda.

Hospitali wakasema presha imepanda vibaya. Nesi Jenipha akamuuliza anakula nini. Mama mkwe akataja ugali, mlenda, kisha, kwa sauti ya chini, "dagaa wa mkwe wangu." Kila siku? Kila siku. Wakageuka kuniangalia. Nikasema chumvi ni ya Lamadi.

Milembe akanigeuzia mgongo, akamfunika mama yake kanga. Heri angenipiga.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeamua kumtafuta mhusika. Nimempigia Benadetha. Anasema yeye hutia chumvi ili dagaa wasioze njiani, na hakumtuma mtu aongeze. Nikaenda duka la jumla. Wanasema kile kiungo wanakiuza kama kilivyotoka kiwandani. Nikapiga namba ya kiwanda iliyo kwenye pakiti. Dada mmoja akasema kiasi kimeandikwa nyuma, mlaji ajichagulie mwenyewe. Kwa herufi zile! Nilikasirika kwa niaba ya wananchi wote.

Mchana kaja bwana afya, Elia. Kaonja dagaa mmoja, katema, kanywa maji yangu chupa nzima (hakulipa). Nikamsomea mashtaka yote: Lamadi, duka la jumla, kiwanda. Na mikate je? Na soseji? Nani anazipima? Akakubali kwamba ni kweli, hao wote wana lawama yao. Kisha akauliza, "Na wewe ulitia kiasi gani?"

Nikasema mimi ni mtu wa mwisho tu kwenye msururu mrefu.

"Si wewe wa mwisho," Milembe akasema kutoka jikoni. "Wa mwisho ni mama."

Elia kaniagiza kila pakiti ipunguzwe chumvi nusu, la sivyo atanifungia.

Jumamosi, 21 Juni
Mama mkwe ametoka hospitali! Ana vidonge, na miguu imerudi kuwa miguu. Nimemwomba radhi kupitia kwa Milembe. Amejibu, kupitia kwa Milembe, kwamba amenisamehe. Ila akauliza kama dagaa wamebaki.

Milembe amenipokonya chumvi. Anakaanga dagaa kwa ndimu na pilipili, na wanauzika vizuri, haki ya Mungu. Wateja wanakula, wanashukuru, wanaondoka. Bila kiu! Nimeuza maji kwa mtu mmoja tu, akanawia uso.

Jumatatu, 23 Juni
Milembe amemsindikiza mama yake Mwanhuzi, atarudi Ijumaa. Jikoni niko peke yangu.

Nimetafakari sana agizo la bwana afya. Afya ya watu si mchezo. Kila pakiti ipunguzwe chumvi nusu, alisema. Nami nimetii. Nimenunua vipakiti vipya, vidogo, nusu ya vile vya zamani. Dagaa ni wale wale wa mwanzo, chumvi ile ile, na kiungo cha kuku. Juu nimeandika kwa herufi kubwa, anayepita na asome: CHUMVI NUSU! Elia mwenyewe akipima atanipongeza.

Mteja wa kwanza kasoma, kafurahi, kasema hatimaye kuna mfanyabiashara anayetujali. Kanunua viwili.

Na soda.