Nani Atasimama na Mwalimu

Alhamisi, 12 Juni

Safari imeanza! Karavani ya kukodi: vitanda vinne, jiko, choo cha ukubwa wa kabati. Tunakwenda hifadhi ya milimani. Mwalimu, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, anayeoa mwezi ujao. Dada yake Muuguzi, anayeendesha. Mimi. Na Kinyozi.

Kinyozi hakuwa na haja ya kuja. Amemfahamu Mwalimu juzi tu, tena kwa kumnyoa.

Njiani Mwalimu kasema kabla hatujarudi atamtaja wa kusimama naye siku ya harusi. Nikatazama dirishani kama mtu asiye na habari. Nafasi hiyo naitaka mimi! Kinyozi kauliza tutakula saa ngapi. Mtu anayejifanya hataki kitu ni wa kuchungwa sana. Najua, maana ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa kwanza: shida itokee, niitatue mimi. Asubuhi, wote wakinawa, nikakifungua kile kifaa cha juu ya mtungi wa gesi nikakificha ndani ya soksi. Jiko likagoma. Muuguzi kahangaika na kiberiti mpaka kasonya. Nikawaambia waniachie. Nikakunja mikono ya shati, nikaomba bisibisi. Sikuihitaji. Ilikuwa ya heshima.

Nilipoibuka kutoka chini ya jiko na ushindi wangu, gari tupu. Kinyozi alikuwa amekoka moto nje, kwenye mawe ya kambi. Chai tayari, viazi majivuni, na Mwalimu akiapa hajawahi kula viazi vya namna hiyo tangu azaliwe. Nikatangaza gesi imepona. Muuguzi kasema asante, kaendelea kutafuna. Nilikula vitano kwa hasira.

Mchana nikajitolea kumwaga tangi la choo. Unyenyekevu! Nikalibeba taratibu kupitia mezani walipokuwa wamekaa, ili wanione. Hawapo. Kinyozi kawapeleka kuona maporomoko.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa pili, wa hali ya juu. Tulikuwa tunapanda mlima. Kinyozi na Mwalimu mbele, wanacheka. Nikaona hawa wawili wakifika kileleni na kupiga picha na mawingu nyuma yao, kwangu kwisha habari. Basi nikateguka mguu. Yaani nilikaa chini nikapiga ukelele. Hesabu yangu: Mwalimu abaki nami, wengine waendelee, tukumbushane ya utotoni, anitaje pale pale.

Mwalimu kweli alirudi mbio. Kinyozi alirudi mbio zaidi. Kachutama, kanipakia mgongoni, kaanza kushuka. Mteremko wote! Nikamsihi aniteremshe, naweza kuchechemea. Kasema nitulie, mama yake alipokuwa mgonjwa alimbeba hivi hivi kila siku. Mwalimu anatufuata na begi langu, machozi yakimlengalenga. Wivu ukanishika. Mgongo wa Kinyozi wenyewe mpana, mzuri. Nusura nisinzie.

Kambini Muuguzi kaubonyeza mguu huku na huku. Kaufunga bandeji, kaibana kuliko inavyotakiwa, kasema nitapona nikiamua.

Jumapili, 15 Juni

Mwalimu katukusanya baada ya chai. Kasema jana amemwona kwa macho yake mtu wa kusimama naye. Kinyozi. Nikapiga makofi. Sijui mikono ilipata wapi nguvu.

Ndipo Kinyozi kakataa! Kasema nafasi hiyo ni yangu. Mimi na Mwalimu tumetoka mbali, tena safari nzima ameona ninavyoitaka. Safari nzima! Na mimi nilidhani nimejificha. Mwalimu kanigeukia, katabasamu, kaniuliza kama niko tayari.

Ile ile niliyoihangaikia, imeletwa mkononi. Lakini mwenye akili haparamii vitu. Nikainamisha kichwa, nikasema hapana jamani, sistahili, mpeni Kinyozi. Sauti ya unyonge kabisa. Nikangoja kubembelezwa.

Mwalimu kanikumbatia. Kasema hajaona moyo kama wangu. Kinyozi kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kasema maadamu ni mimi niliyesema, basi amekubali. Muuguzi kacheka mpaka kamwaga chai.

Niliingia kwenye kile choo nikafunga mlango. Nililia. Hata nafasi ya kuinua mkono nifute machozi hamna mle.

Jumatatu, 16 Juni

Tunarudi. Nimelazwa nyuma, mguu juu ya mto, maana siwezi kupona ghafla. Kinyozi ananimenyea machungwa. Nayala.

Nimefikiria tangu asubuhi na kosa langu nimeliona. Nilikataa mara moja tu, na anayekataa mara moja watu hudhani kweli hataki. Sasa hivi Mwalimu kasema bado anatafuta wa kutoa hotuba kwa niaba ya marafiki. Anageuka huku nyuma. Ananiangalia mimi! Safari hii nitakataa mara tatu.